Aliyeionja Divai Kwanza

Ushirombo, Bukombe,
Geita.
12 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Ansgar,

Marahaba. Najua hapo ulipo umeshaniamkia, na kama hujaniamkia, aibu yako.

U hali gani na baridi ya huko Adelaide? Mkeo Loveness kikohozi kimemwacha? Sisi huku wazima. Mpunga tumeshavuna, vumbi limetawala, na presha ya Baba imetulia tangu akubali kumeza dawa bila kubembelezwa.

Jubilei ya ndoa ya wazee ilifana. Padri alipomuuliza Baba kama bado anamtaka huyu mama, alijibu, "Sasa nimpeleke wapi?" Kanisa zima likaangua kicheko, Mama naye akamfinya mbele ya altare.

Lakini hasa nakuandikia kuhusu chupa yako. Rafiki yako Deogratias aliifikisha salama, imevishwa soksi nzito kama mtoto mchanga. Mume wangu Fredy alitusomea karatasi yake: divai nyekundu, zabibu za aina mbili zimechanganywa, na umri wake unamzidi Rosemary wetu aliyeko sekondari. Mama akasema basi iamkiwe kwanza.

Baba mdogo Wiliam alikuja. Padri alitaka msimamizi wa ndoa awepo, na ndiye aliyemsimamia Baba enzi zile. Unajua tangu alipougua tumbo baada ya kunywa togwa hapa kwetu, na mpiga ramli akamwambia huo ni mkono wa kaka yake, hajameza hata maji nyumbani humu. Safari hii alikaa meza kuu na soda yake mwenyewe, kaitoa mfukoni mwa koti. Baba aliiona. Alijifanya anatazama kwaya, na mimi iliniuma sana. Ndugu aliyebaki naye ni huyo mmoja tu.

Divai yenyewe ilitutoa jasho. Kizibo chake si cha kung'oa kwa meno kama ulivyozoea wewe. Fredy alipambana nacho kwa skurubu na plaizi, nusu kikatoka, nusu kikazama ndani. Tukaamua kuichuja kwa kichujio cha chai, na kwenye kichujio yakabaki machicha meusi tii.

Mama, aliyepika pombe ya mtama miaka nenda rudi, alisema kinywaji kikikaa sana lazima machicha yatulie chini, lakini hakuna aliyemsikiliza. Sote tulikuwa tunamtazama Baba mdogo, naye anayatazama machicha.

Na unajua desturi yetu, mwenye kinywaji huonja kwanza, wageni wakiona. Mwenyewe ni wewe, na uko Australia. Baba akanyoosha mkono kuchukua glasi. Mama akamkumbusha kwamba daktari amemkataza pombe.

"Presha naijua," Baba akasema. "Hii nyingine ndiyo siiwezi."

Hapo Baba mdogo akainuka, akaichukua ile glasi mkononi mwa Baba. "Kaka, wewe umekatazwa. Lete huku." Akanywa.

Ansgar, tulilitazama koo lake kama watu wanaosubiri mvua. Alifumba macho, akaitafuna ile divai kama ugali, kisha akatoa taarifa: "Mwanzo inakamata ulimi kama ndizi mbichi. Halafu inakuwa zambarau mbivu. Halafu nasikia moshi, kama maziwa ya kwenye kibuyu kilichofukizwa." Akasogeza glasi tena kwa Fredy, akamshukuru kwa Kisukuma: "Wabeja. Ongeza. Na hayo machicha msiyamwage."

Tulipoonja sisi tukakuta hajakosea, hasa pale kwenye moshi. Mimi nilisikia na harufu ya ngozi ya ngoma, Fredy akanicheka. Mama alisema ni nzuri, kasoro yake haina povu. Baba alichovya ulimi tu, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha bwana harusi. Nami nililia, sikufichi. Sijawahi kulia kwa raha namna ile.

Wanakusalimu Baba na Mama, Fredy, na Rosemary anayetaka umtumie ile soksi ya pili, maana moja haivaliki. Deogratias yuko Kahama, anakusalimu pia.

Baba mdogo naye anakusalimu sana. Jua lilipoanza kupoa akaaga, kisha akaomba maji ya kunywa. Mama aliyachota mwenyewe mtungini, akasimama mbele yake, akainua kikombe aonje kwanza. Baba mdogo akamshika mkono.

"Usionje, shemeji," alisema. "Nina kiu."

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, awarudishe kwetu mkiwa na afya.

Dada yako akupendaye,
Asteria