Dereva Asiyetoka

Jumanne

Miguu ya mdogo wangu Marwa haitatembea tena. Daktari alitamka hivyo leo pale hospitali ya Bomani, macho yakiwa kwenye karatasi zake.

Mdogo wangu aliendesha kijiko cha kuchimba barabara hadi kilipopinduka naye. Ndiye anayenieleza jinsi mitambo ya riwaya ninayoandika inavyofanya kazi, ile mikubwa kama vilima, inayopiganishwa uwanjani watu wakishangilia.

Jioni nilimsomea sura ya mwisho, dereva anapotambaa kutoka kwenye mtambo ulioanguka.

"Usimtoe, dada," akasema. "Akitoka ataishi vipi?"

Nilitaka kumwambia hiyo ni hadithi tu.

Nimeuchana ukurasa ule. Dereva amebaki ndani, watu wanarudi makwao, na riwaya inaishia hapo.