Baba Ameshapiga Kura

Nereida shoga, nimejifungia bafuni.

Baba amempigia kura YULE. Yule anayeapa kufukuza kila asiye na makaratasi ya kuishi hapa Marekani. Baba yangu! Mume wa mama yangu!

Tulikuwa mezani, akatamka tu kama anayeomba chumvi. "Mimi jana nimeshapiga kura." Nikamuuliza kampa nani. Akamtaja. Mbele ya mama, ambaye Uhamiaji walishamrudisha Meksiko mara moja akavuka mto wa mpakani tena bila makaratasi!

Nikamwambia, "Baba, una akili wewe?"

"Hao wengine wanatukumbuka sisi Walatino siku za kampeni tu. Bei ya mayai haishikiki. Na watakaofukuzwa ni wahalifu. Mama yako si mhalifu."

Si mhalifu! Shoga, kwani wakija kumkamata mama watamuuliza baba kwanza?

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifuta mikono, akaleta kitana, akamkalisha mdogo wangu Itzel katikati ya magoti ya baba.

"Eleuterio, jifunze kumsuka mwanao."

Baba akacheka. "Ah, mke wangu, ya nini yote haya?"

"Ana miaka sita. Wakinichukua, nani atamsuka aende shule?"

Kicheko kikamkauka pale pale.

Nawasikia kutoka huku. Mama anamwelekeza polepole, "Gawa mafungu matatu. Siyo hivyo, fumua." Itzel analia kwamba anaumizwa. Baba anafumua, shoga, anaanza upya.