Honi Iliyovuja Hewa

Mjukuu wangu Nekesa,

Kutoka Naivasha mpaka Bahati hajazaliwa fundi wa honi za bendi wa kunishinda, na shule niliachia darasa la sita. Nyanyako mzima, anakusalimu. Ng'ombe amezaa ndama mwenye kelele kukushinda.

Unauliza ufanyeje, ile honi yako ya bendi, French horn, inavuja hewa kwenye valvu. Umeuliza mwenyewe! Ujanani, honi ya bendi ya kanisa letu ilivuja hivyo hivyo, na kesho yake dada yangu alikuwa anaolewa huko Bahati. Kiongozi wa bendi akasema, "Hiyo ni ya kutupa." Nikamcheka. Nilitoa valvu, vile vipande vinavyozunguka ndani, nikavipaka mafuta ya kupikia niliyoyeyusha kwa jiko. Nyufa zote zikazibika. Honi ikalia mpaka majirani wakatoka nje. Kiongozi akanipa mkono: "Kijana, wewe ni moto!" Mpaka leo natembea kifua mbele.

Lakini wewe tumia mafuta mazito ya mashine. Yale yangu yaliganda na baridi ya asubuhi ya Bahati, valvu zikakwama, na dada yangu akaingia kanisani kwa noti moja tu ya honi, kutoka mlangoni mpaka madhabahuni.

Babu yako, na bado ni fundi.