Pipa Lililonibeba Hadi Getini

Chumba cha nyuma, karibu na jiko,
Jumanne, baada ya chai.

Mpendwa mpwa wangu Domo,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, marahaba. Hujambo wewe na mkeo? Na kile kikohozi chako cha kubweka kimekuachia? Mjomba wako ni mzima, ila nikiinama magoti yanalalamika, na mgongo unayaitikia.

Habari kubwa: mtaa mzima umenichagua niwe mkuu wa takataka! Haya, ni uongo. Hakuna aliyenichagua. Binti yangu alinipa kazi ya pipa kwa sababu nikiosha vyombo vinavunjika, na nikipika watu wanalala na njaa.

Kazi yenyewe utaiona ndogo. Maganda na makombo ndoo ya kijani, chupa na makopo ndoo ya njano. Zisizo na kwao, nepi za mtoto, matambara, vumbi la kufagia, ni za pipa kubwa la uani. Lakini nyumba hii, mpwa wangu! Mkwe wangu anatupa miiba ya samaki kwenye ndoo ya chupa. Wajukuu hawatazami kabisa, wanarusha na kukimbia. Mimi nabaki nimeinama natenganisha, na kesho ni yale yale. Nilichoka kama punda wa dobi.

Sasa sikia. Wazoa taka hawachukui pipa lisilofunga. Juzi lilifura, kifuniko kikakaa upande kama kofia ya mlevi. Nikaleta kigoda, nikapanda, nikaingia ndani nilishindilie kwa miguu. Pipa nalisukuma mwenyewe kila wiki, na bado nikasahau kuwa lina magurudumu! Uani kuna mteremko. Likaondoka nami nimesimama wima kama bwana harusi kwenye gari la wazi, mpaka getini, miguuni pa mzoa taka.

Akanitazama juu mpaka chini. "Mzee, na wewe nikuweke wapi? Kwenye zinazooza?"

"Kaulize ndani," nikamwambia. "Hawajaamua."

Alicheka mpaka akakaa chini. Binti yangu hakucheka. "Baba, basi. Pipa usiliguse tena. Kaa upumzike."

Basi nimekaa. Kumbe kupumzika kunachosha kuliko kazi. Pipa lile nilililaani kila siku, lakini ndilo lililokuwa likiniamsha. Sasa naamka, navaa viatu, sina pa kwenda. Mzee asiye na kazi nyumbani watu huanza kumzunguka kama kabati.

Nisalimie dada yangu, mama yako, mwambie bado namshinda kwa sura. Msalimie mkeo, na shangazi yako Chafya. Mungu awape usingizi mzito na riziki isiyo na mikwaruzo.

Sijamaliza. Ulipohama nilikulelea yule jogoo wako mkorofi, akanidonoa mpaka leo nina alama, nawe ukasema, "Mjomba, hili nitalilipa." Lilipe. Binti yangu anakusikiliza wewe kuliko mimi. Mpigie simu, anza na habari za mvua, kisha umwambie, kama wazo lako mwenyewe, anirudishie pipa. Ndani siingii tena, nitashindilia kwa mpini wa ufagio. Na barua hii usiitaje.

Ni mimi nikupendaye hata usipojibu,
Mjomba wako.