Pumzi Kwenye Kioo

Jumapili, 2 Machi

Pumzi ile ni yangu.

Haya, nimeandika. Sijawahi kumwambia mtu. Hata mto wangu siuambii.

Ile pumzi kwenye filamu ya dada, aliyofanya kumalizia chuo cha animesheni. Bibi mmoja amekaa saluni, anajitazama kwenye kioo. Yeye hafanyi kitu. Ila taswira yake, yule wa ndani ya kioo, anapumua — na kioo kinaingia ukungu kwa ndani. Kwa ndani! Watu wote husema "aah" hapo hapo. Kabla ya hapo hawasemi kitu, baada ya hapo hawasemi kitu. Ni hapo tu. Na hapo ni mimi. Mdomo wangu, pumzi yangu, kompyuta ya dada.

Leo studio ya ng'ambo imemjibu. Ile kubwa, ya filamu zenye miji inayozama. Dada aliwatumia rili yake — video fupi ya kazi zake bora, kila mtu wa efekti, hizo hila za picha, anayo, bila hiyo hakuna anayekuangalia usoni. Na kuna kanuni: chini ya kila shoti, yaani kila kipande cha picha, unaandika ulichofanya wewe mwenyewe. Chini ya ile ya kioo dada ameandika: kila kitu.

Kila kitu!

Wamesema hiyo ndiyo waliyoipenda kuliko zote. Wanataka kuongea naye Alhamisi kwa simu ya video. Mama alipiga kelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Baba akapigiwa simu huko barabarani, akatupigia honi ya lori ili tusikie anavyofurahi. Dada alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kamasi na kila kitu.

Mimi nilisema hongera ndani ya kikombe. Nadhani ni chai tu iliyosikia.

Jumatatu, 3 Machi

Baada ya shule, saluni kwa mama. Kazi yangu ni taulo. Mama ameshatangaza, redio haifui dafu.

Mteja mwenye rola kichwani akasema nyota njema huonekana asubuhi, yeye alijua tangu dada anatambaa. (Amehamia hapa mwaka juzi!) Yule aliyekuwa chini ya drai hasikii vizuri, akapaza sauti: "KWA HIYO TUTAMWONA KWENYE SINEMA?"

"Haonekani," mama akamwambia. "Yeye anafanya vitu visivyokuwepo vionekane."

"KAMA MGANGA?"

"Kama mganga, ila ana cheti."

Wakacheka sana. Kisha Rola akanigeukia. Na huyu mdogo je, naye anajua hayo ya kompyuta? Nikafungua mdomo. Kweli nilifungua! Lakini mama alishajibu: "Huyu Konokono wangu, ukimsemesha tu anaingia ndani kwake."

Nikaingia ndani kwangu. Yaani kwenye taulo.

Rola akamalizia kwamba sasa majirani watamwonea mwanao kijicho, wewe usiwajali shoga yangu, mwenye wivu ajinyonge. Saluni nzima ikaitikia. Mimi nilikunja taulo, nikaikunjua, nikaikunja tena. Ileile.

Jumanne, 4 Machi

Nimetafuta neno katika lugha zangu zote mbili. La nyumbani ni fupi mno. La darasani lina heshima mno, kama limevaa tai. Hiki nilichonacho hakina heshima. Kinakaa hapa, chini ya mbavu, kinatafuna kama panya kwenye gunia. Dada akicheka, kinatafuna. Dada akipita na lile begi lake la laptop, kinatafuna. Jana usiku niliota ndege yake ya kwenda ng'ambo imekosa bawa na mimi ndiye niliyelifuta, fremu baada ya fremu. Vizuri kabisa, bila hata alama. Niliamka najisifu.

Niandike ilivyokuwa. Mwaka jana dada alikuwa amekwama. Ukungu wake ulikuwa unatokea wote na kupotea wote, kama taa ya chooni. Alikwenda chuoni kulia kwa mwalimu wake. Mimi nilikuwa na likizo na kioo cha kabati. Nikapumua. Nikaangalia. Ukungu haupotei wote! Unaanza kufa pembeni, unarudi ndani, katikati ndiyo ya mwisho. Na pale pumzi ilipogusa mwanzo panabaki kidoa kidogo, kinakataa kuondoka. Nikajirekodi na simu, nyuma nimeweka shuka jeusi, tochi kwa ubavu. Nikapumua mpaka kichwa kikazunguka. Nikaipachika kwenye shoti yake kwa programu aliyonifundisha yeye mwenyewe, nikaigeuza ionekane ya ndani.

Dada aliporudi aliitazama akiwa amesimama, begi bado begani. Akairudisha mwanzo, akaitazama tena. Halafu: "Konokono. Nani kakutuma?"

Hakuna mtu. Ndiyo raha yake. Hakuna aliyenituma.

Alhamisi, 6 Machi

Simu imepita. Wanampenda. Mkubwa wao ni mzee wa upara anayesimamia efekti, nyuma yake rafu imejaa vichwa vya plasta. Nimemwita Bosi wa Vivuli. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango.

Lakini kuna jaribio! Wamemtumia shoti ya mtoto ndani ya treni, uso karibu na dirisha. Atie pumzi kwenye kioo, halafu mtoto achore duara kwa kidole. "Kama ulivyofanya ile ya saluni," Bosi alisema. Jibu Jumatatu.

Jioni dada akaja kukaa kitandani kwangu. Akanisukuma kwa bega, kama zamani.

"Mdogo wangu mie. Hebu nikumbushe. Ule ukungu uliuchukuaje?"

"Sikumbuki."

"Acha utani."

"Kweli. Nimesahau."

Alinitazama. Mimi nikatazama soksi yangu. Ina tundu kwenye dole gumba. Akasema haya basi, akainuka, akaurudishia mlango taratibu. Angeubamiza ningejisikia nafuu.

Ijumaa, 7 Machi

Ukungu wa dada unafanana na unga. Mtoto wa treni anaonekana ametapika unga.

Raha!

Halafu raha ikaisha. Haikufika hata chakula cha jioni.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nikasikia sauti chumbani kwa mama. Haaa. Haaa. Haaa. Kimya. Haaa. Dada anapumulia kioo cha mama, simu mkononi. Mama alikuwa jikoni, naye akasikia. Akakimbia na sufuria ya maji ya moto na taulo — "Mwanangu, pumu! Pumu imerudi! Inama hapa uvute mvuke!" Dada hajawahi kuwa na pumu, mwenye pumu alikuwa baba mdogo. Hakupewa nafasi ya kujieleza. Nilipofika mlangoni dada alikuwa amefunikwa taulo kichwani, mkono mmoja nje, bado ameshika simu, anasema kwa sauti ya ndani ya pipa, "Mama, nafanya kazi."

"Kazi gani hiyo ya kupumua!"

Nilicheka. Sikutaka. Dada akasikia, naye akacheka ndani ya taulo, tukacheka mpaka mama akaondoka na sufuria yake akisema amezaa vichaa wawili.

Tukabaki sisi wawili. Akafuta uso. Akasema, bila kunitazama, kwamba mimi nina kitu ambacho yeye hana. Yeye anajua programu zote. Mimi naangalia. Akasema siku zote alitaka kusema ni mimi.

Sijui sauti ilitoka wapi. "Ungesema lini?"

"Si ulinikataza wewe!"

Haya. Niandike ukweli wote, hapa hakuna wa kunicheka. Alinibembeleza mwaka jana aniweke mwisho wa filamu, jina langu, kwenye majina yanayopanda. Nikakataa. Nikamwapisha! Kwa sababu nilijua watu watageuka pale ukumbini kunitafuta, na mwalimu wake ataniita mbele, na mimi nitakufa. Kwa hiyo alininyamazia kama nilivyoomba. Na nilipokaa pale gizani, watu wakasema "aah", nikamchukia kwa kunitii.

"Nilikuwa mdogo," nikamwambia.

"Ilikuwa mwaka jana, Konokono."

"Mwaka jana nilikuwa mdogo."

Hakucheka. Akauliza: "Na sasa?"

Na mimi, mbumbumbu wa mwaka, nikatoka chumbani.

Jumapili, 9 Machi

Nimeifanya. Ya treni.

Dada alikwenda na mama sokoni, kompyuta ikabaki wazi. Nilisema najaribu kidogo tu. Kioo cha treni ni baridi kuliko cha saluni, kwa hiyo ukungu unakaa zaidi. Na kidole cha mtoto hakifuti safi, kinaacha matone yanayotiririka. Tone moja likakata duara likashuka mpaka chini. Sikulipanga! Lilitoka kwenye kioo cha kabati, kwa kidole changu, nikaliacha.

Ni nzuri. Naandika bila kuona haya: ni nzuri kuliko ya saluni.

Iko kwenye fleshi. Kwenye kompyuta nimefuta. Sijampa. Dada amekaa na unga wake mpaka macho yamekuwa mekundu, amewatumia hivyohivyo. Nilimpelekea chai. Fleshi ilikuwa mfukoni. Alisema asante mdogo wangu, wewe ndiye unanijali humu ndani.

Panya ametafuna. Ila leo sijui anamtafuna nani.

Jumatatu, 10 Machi

Wanaongea sasa hivi. Dada yuko sebuleni, mimi chumbani kwetu, ukuta huu ni mwembamba kama biskuti. Mama amezima hata feni ya jikoni ili pasiwe na kelele. Naandika juu ya goti.

Kwanza salamu. Hali ya hewa huko: baridi. Bosi wa Vivuli ana sauti ya upole, ndiyo inayotisha.

Sasa jaribio. Anasema amelitazama mara nyingi. Anasema usafi ni mzuri, mipaka mizuri. Anasema — ngoja — anasema lakini pumzi ya treni na pumzi ya saluni hazikutoka kwenye mkono mmoja.

Mungu wangu.

Anamwuliza dada, kwa upole huo huo, shoti ya saluni ulifanya nini wewe mwenyewe hasa?

Nasikia kiti cha dada kinalia. Hiki ndicho nilichokitaka wiki nzima, si ndiyo? Aulizwe mbele ya watu. Mbona najiona ni mimi ninayeulizwa?

Akisema ni yeye, kazi imekwenda, ataambiwa arudie pale pale hataweza. Akisema si yeye, wataona "kila kitu" alichoandika ni uongo. Kazi imekwenda vilevile. Nimeyafikiria haya tangu asubuhi. Sikuyafikiria Alhamisi, nilipotazama soksi.

Jambo jingine. Nimevaa shati la kola. Sijui kwa nini. Baada ya shule nilivua sare, nikavaa shati la kola nikachana nywele, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Fleshi iko mfuko wa mbele. Nimeishika mpaka imepata joto.

Na kioo cha kabati kina ukungu. Nilikuwa nimesimama pale kabla hawajaanza, pua karibu iguse, najaribu sentensi moja ya kumwambia Bosi, kwa lugha ya darasani. Ya maneno matatu tu. Nimeisema mara nyingi. Kidoa cha katikati bado hakijaondoka.

Dada anasema kitu. Sauti ndogo. Sikusikia! Mama kaacha kijiko kianguke, jamani mama!

Bosi anasema: "Yuko wapi?"

Au nimesikia vibaya. Labda kasema "Iko wapi?" — faili, labda faili —

Kiti. Dada ameinuka. Anawaambia wasubiri kidogo.

Nyayo. Ni zake, anaburuza kandambili ya kushoto. Anakuja kuniita au anakuja kuniuliza nini nimemfanyia? Amepita jikoni. Hajasimama kwa mama. Kola inanibana. Nikikaa kimya atagonga mara moja na kuondoka, namjua, hataniaibisha, nilimwapisha —

Amesimama mlangoni. Nasikia anavyopumua.

Fleshi ninayo. Shajara naiweka chini ya godo