Kuku Wako Wamehamia kwa Bi Rukia

Mama Zuhura, mke wangu,

Mungu akulaze mahali pema. Mimi nina malalamiko, na sina wa kumpelekea ila wewe, kwa kuwa chanzo ni wewe. Kuku wako wamenihama.

Unajua sikuwataka tangu mwanzo. Ulipowaleta wale vifaranga wanne ndani ya kikapu kutoka kwa shangazi yako Kaloleni, nilikwambia, "Kuku akae bandani." Ukacheka tu. Mwezi haukwisha, wakawa wanaingia sebuleni bila hodi. Nikikaa kushona, yule kuku uliyemwita Kishungi alikuwa akinipanda mguu uliokanyaga cherehani, akapanda na kushuka nao, amefumba macho kwa raha. Mwenziwe, Bi Harusi, naye alikuwa mwizi wa vifungo. Kuna kanzu ya Idi ilitoka nyumbani kwetu na kifungo kimoja cha rangi nyengine, nami nikamtazama mteja usoni nikamwambia ndio mtindo wa mwaka huu. Uongo huo ni juu yako.

Wewe hukuwahi kuwafukuza. Ukiketi kwenye mbuzi kukuna nazi, walikuzunguka wote, mmoja juu ya mapaja. Ukishachuja tui, chicha uliitia kwenye pindo la ile leso yako ya manjano yenye michoro ya korosho nyeusi, ukatoka nayo uani huku wanakuvuta pindo kwa midomo yao. "Ngojeni basi, hamna adabu nyie," uliwaambia. Adabu wangeipata wapi, na uliyewalea ni wewe? Mimi nikikuita kutoka barazani, "Mama Zuhura, waache hao, njoo tunywe chai." Nilisema maneno hayo kila laasiri kwa miaka, na kila laasiri ulichelewa.

Baada ya hitima ya arobaini, mwanetu Zuhura alilifungua sanduku lako ili nguo zitolewe sadaka. Aliniuliza, "Baba, hubakishi hata moja?" Nilimjibu kwa ukali kwamba nguo ni za kuvaliwa, atoe zote. Haikuwa dini iliyonisemesha. Nilitaka sanduku lile lifungwe nisilione tena. Leso ya manjano akapewa Bi Rukia, jirani yetu wa nyuma ya ua, kwa kuwa ndiye aliyekuosha siku ya mazishi.

Juma lililofuata Bi Rukia alitoka kuanika nguo, amejifunga leso ile. Kuku wako wakauruka ua wa makuti wote wanne, wakamvamia, wakaanza kumvuta pindo. Yeye akadhani wana njaa, akawapa wali. Basi, yakaisha hapo. Sasa wanalala kwake, wanataga kwake, na mchana wanamfuata hadi jikoni. Nimekuna nazi mwenyewe, na kidole nikakikuna pamoja nayo. Nimewatilia chicha kwenye sahani nzuri ya wageni. Kishungi alikuja, akaitazama sahani, akanitazama mimi, akarudi alikotoka.

Nimeghadhibika, sikufichi. Nimewaghadhibikia wao, na Bi Rukia ambaye hana kosa, na wewe uliyewazoesha mambo ya kitoto. Zaidi nimejighadhibikia mwenyewe. Leso moja tu ningebakisha. Sasa nashona siku nzima sisikii ila cherehani, hakuna anayenisumbua, na kutosumbuliwa huko kumenishinda. Kuidai leso siwezi. Sadaka ya marehemu mtu haendi kuiomba irudi, na mimi ndiye niliyesema zitolewe zote.

Juzi laasiri hasira zilinipanda. Nikachukua kikapu nikazunguka nyuma, nimekusudia kuwakamata mmoja mmoja niwarudishe, watake wasitake. Hata hodi sikupiga. Bi Rukia alikuwa amenipa mgongo, ameinama na chicha kwenye pindo la leso ile, na Bi Harusi amemrukia mkononi. Nikasimama pale na kikapu changu. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, kwa ule uchovu wangu wa kila siku, "Mama Zuhura, waache hao, njoo tunywe chai."

Hakugeuka upesi. Alibaki ameinama, nadhani ili anipe muda wa kuuweka uso wangu sawa. Kisha akasema polepole, "Baba Zuhura, ngoja niingie ndani niivue, nikupe."

"La," nikamwambia. "Ni yako."

"Na kuku?"

"Nao waache."

Nikarudi nyumbani na kikapu kitupu, nikakaa kwenye cherehani bila ya kushona kitu. Nilikuwa nikiwaona kuku wajinga kwa kuikimbilia nguo, hawajui tafauti ya aliyevaa. Mimi nilikushika mkono siku ya mwisho, nikakubeba mpaka kaburini, najua vizuri ulipo, na bado nilikuita uje tunywe chai.

Tangu juzi naacha kazi mapema. Nahamisha kiti changu upande wa nyuma, karibu na ua, pale makuti yalipochakaa, nangoja Bi Rukia atoke kuwalisha. Unisamehe kwa hilo, naye anisamehe, maana simtazami yeye.

Pumzika, mke wangu.

Mumeo,
Baba Zuhura