Jiko la Hester

Scarborough, 4 Februari

Mwanangu Hester,

Hujambo huko Doncaster? Kifua kimeachia? Mimi mzima, ila goti linanuna kila mvua ikinyesha, na hapa mvua haina kazi nyingine. Simu najua hupokei, basi vumilia mwandiko wa mtu aliyeacha shule kwenda kuuza samaki.

Nasikia umeomba posho ya ulemavu. Sawa. Usonji unao tangu utotoni, hata kama daktari amekuja kukwambia ukiwa mtu mzima mwenye mvi mbili. Hilo silibishi. Ninalouliza ni hili: Glenys ni nani? Jirani yako ananiambia kuna mama mmoja, mtu wa Wales, kutoka kituo cha ushauri, anakuja, anakunywa chai, anacheka. Anacheka nini? Nani anakuoshea vyombo kila Ijumaa miaka yote hii? Nani anapanda treni, anabadilisha nyingine mjini York, na sponji yake mwenyewe mfukoni?

Sina wivu. Nauliza tu.

Baba yako,
Wilf


Doncaster, 9 Februari

Baba,

Habari zako. Pole kwa goti. Kifua kimepona.

Una wivu. Mtu asiye nao hasemi hana kabla hajaulizwa.

Glenys ananisaidia kujaza fomu. Nikipata posho nitamlipa aje asubuhi tatu kwa wiki. Haoshi. Anasimama kando yangu tu, na mikono yangu inaanza. Nikiwa peke yangu nasimama mbele ya sinki mpaka maji yanapoa, sijui nianze na kijiko au sahani. Sufuria safi zikiisha, sipiki. Nisipopika, nakula maharage ya kopo, ya baridi. Makopo yakiisha, sili. Wewe ukija unanifukuza jikoni, unaosha vizuri, unaondoka. Jumamosi yanaanza upya.

Mtathmini wa posho anakuja nyumbani kwangu tarehe 13 Machi. Anatakiwa aone ninavyoishi. Wiki hiyo tafadhali usije.

Mwanao,
Hester


Scarborough, 14 Machi

Hester mwanangu,

Salamu nyingi, na natumaini umelala vizuri baada ya mgeni wako wa jana. Goti bado, asante kwa kutouliza.

Sasa usinikasirikie. Uliniambia nisije, nami sikuja: nilipita tu, Jumatano, ukiwa maktaba. Ufunguo si ninao? Nikafungua mlango nikaona lile sinki, Mungu wangu, sufuria moja ilikuwa na ndevu za ukungu kunizidi mimi. Nikasema mtu wa serikali haingii nyumba ya ukoo wetu akakuta haya. Marehemu mama yako alipiga deki siku daktari anakuja kumwangalia, na homa imempanda hadi anamwita daktari kwa jina la paka. Sisi ndivyo tulivyo. Mgeni akija, unasafisha.

Basi nikasugua kila kitu. Birika linang'aa, unaweza kunyolea ndevu hapo. Kabati nimelipanga upya. Juu ya meza nimekuachia pai ya nyama, nimeioka kwa mikono yangu.

Nieleze sasa, Glenys wa nini?

Baba yako


Doncaster, 22 Aprili

Baba,

Habari zako.

Nimenyimwa. Mtathmini ameandika hivi: jiko ni safi kuliko kawaida, vyombo vimepangwa kwa utaratibu, mezani kuna pai iliyookwa nyumbani, mwombaji anajimudu. Nilimwambia si mimi niliyefanya. Akasema wengi husema hivyo.

Kabati ulilipanga kwa namna yako. Sikuona kopo wala kifungua kopo. Pai ilipokwisha nilikaa siku mbili bila kula.

Nimekata rufaa. Nimebadilisha kitasa. Sijui kama nimekasirika, hayo huwa nayajua baadaye. Kwa sasa usiandike.

Hester


Scarborough, 30 Juni

Mwanangu,

Uzima upo? Ulisema nisiandike, na barua mbili za Mei najua hukuzifungua. Labda hii utaifungua kwa bahati mbaya.

Nilikwenda kituoni kumwona Glenys wako. Nilijiandaa kumchukia, hata tai nilivaa.

"Mzee Wilf," akasema, "umekuja kugombana au kunywa chai?"

"Vyote, kama kuna biskuti."

"Zipo. Hester alikula nini juzi?"

Nikasema labda viazi.

"Hali viazi. Vinamkwaruza ulimi."

Hester, nimekulea kwa viazi. Mwanamke wa juzijuzi anajua, mimi sijui. Nilitamani kummwagia chai, ila ilikuwa chai nzuri, hilo nalo liliniudhi.

"Nimemwoshea vyombo zaidi ya miaka kumi," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakuhitaji. Kayaseme hayo hayo kwenye baraza la rufaa, mbele ya jaji."

Unaona ninachoombwa? Nisimame mbele ya watu waliovaa miwani, niseme binti yangu haliwezi jiko lake, ili kazi yangu apewe huyu. Kwa mdomo wangu. Nimelala nayo wiki nzima kama nimelalia mwiba.

Niambie tarehe.

Baba yako


Doncaster, 3 Desemba

Baba,

Habari zako. Goti linaendeleaje? Nauliza kwa sababu nataka kujua.

Barazani nilitoka nje mwanga wa taa uliponishinda, kwa hiyo Glenys ndiye aliyenisimulia. Anasema jaji alikuuliza usipokwenda inakuwaje, ukajibu, "Anakaa na njaa, bibi. Na jiko lile nilisafisha mimi, kwa sababu namwonea wivu yule mama pale mwenye skafu ya kijani." Anasema jaji aliangalia skafu ile, akaandika muda mrefu.

Majibu yamefika leo. Nimekubaliwa.

Glenys atakuja Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Alitaka Ijumaa, nikamwambia Ijumaa ina mtu.

Njoo, ila usiguse sinki. Nitaosha mimi. Wewe utakaa. Nimekuwekea kiti upande wa kushoto, maana kulia husimama Glenys, na kushoto ni karibu nami zaidi.

Mwanao,
Hester